Maneno Kwenye Kisu

Je, mtu mwema anaweza kukusanya visu vya Vijana wa Hitler? Jibu nilikuwa nalo hata kabla sijakiona kimoja: hapana. Kisha nikapata kibarua cha Jumamosi mjini Köln, kwa mzee anayeuza vitu vya kale, na kodi ya nyumba haingoji falsafa.

Kisu chenyewe si kikubwa. Mpini mweusi, ala ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, na kwenye mpini nembo ya umbo la almasi, nyekundu na nyeupe, yenye swastika katikati. Kilianza kutolewa 1933. Mvulana wa miaka 10 aliingia tawi la wadogo, akafanyiwa majaribio, akifaulu alipata haki ya kukivaa kiunoni. Kufikia 1939 kujiunga kulikuwa lazima. Kwenye ubapa wa visu vya mwanzo yalichorwa maneno Blut und Ehre!, yaani damu na heshima. Mtoto wa miaka 10, jamani.

Sheria ya Ujerumani, kifungu cha 86a, inakataza kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa mambo kama elimu na utafiti. Basi mezani tunaibandikia kikaratasi. Wateja hukiinua kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria ya wenyewe.

Mzee alinifundisha kazi. Kwanza, usisugue kamwe. Kisu kilichong'arishwa bei imeshaanguka. Geuza ubapa, tafuta chapa. Vya mwanzo vina alama ya kiwanda. Vya baadaye vina herufi RZM, za ofisi ya chama iliyosimamia vifaa, halafu M7 na namba ya kiwanda, vingi vikiwa vya Solingen, hapo jirani tu. Mara nyingine kuna mwaka. Na kumbuka, aliniambia, maneno yaliacha kuchorwa 1938.

Mwezi wangu wa tatu akaja mteja na kisu cha urithi. Chapa safi, mwaka 1941. Maneno yapo.

Kusema kweli nilifurahi kwanza, furaha ya mwanafunzi aliyeona kosa. Chuma kilikuwa halisi, ala halisi. Maneno tu ndiyo yaliyoongezwa, na mtu wa juzijuzi, kwa sababu chenye maneno huuzwa ghali zaidi. Furaha ikapoa. Wanazi wenyewe waliyaacha maneno hayo. Aliyeyarudisha ni mfanyabiashara wa wakati wetu, na aliyarudisha kwa ajili ya wateja kama wetu.

Nilimwambia mzee hivyo. Akanijibu kwa upole: "Na minyororo ya watumwa iliyo kwenye makumbusho, nayo itupwe?" Swali zuri, lilinisumbua wiki nzima. Lakini sijaona mlinzi wa makumbusho akipandisha bei ya mnyororo kwa kuwa ulifunga mtu kweli. Sisi ndivyo tunavyofanya. Kisu bandia kabisa, kilichotengenezwa baada ya vita, hakijawahi kukaa kiunoni mwa mtoto yeyote. Ndicho pekee kisicho na hatia pale mezani, na ndicho tunachokiita takataka. Tukisema "halisi" tunamaanisha kwamba mtoto alikuwepo. Wengine wa rika lile walipelekwa kupigana 1945, vita ikiwa imeshapotea. Jina likiwa limekwaruzwa kwenye ala, kwa mkono wa mtoto, mzee huandika kwenye lebo: "kasoro ndogo."

Kile cha 1941 tulikiweka mezani. Niliandika lebo mwenyewe: maneno si ya asili. Bwana mmoja akaisoma, akakirudisha kisu kwenye ala, akaniuliza kama tunacho chenye maneno ya kweli.

Kilikuwa kwenye droo ya pili. Nikakitoa.