Sisi ni Tangi
Watu husema bwawa la Masinga ni urithi wetu. Hilo neno hunikwama kooni. Urithi huachiwa na aliyekuwa nacho, na hapa waliokuwa nacho walikuwa na mashamba kando ya Tana. Mwaka 1981 bwawa likakamilika, mashamba yakabaki chini ya maji.

Mitambo ya Masinga yenyewe hutoa megawati 40 tu. Kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji ya mvua ili Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, huko chini mtoni, zisikwame kiangazi. Yaani sisi ni tangi. Nairobi inawasha taa, mtu wa huku anaswaga punda na mitungi.

Utaniambia wengi walifaidika, wachache wakahama, hesabu imekubali. (Niliacha chuo kabla sijafundishwa jina la hoja hiyo, lakini naijua.) Sawa, ila aliyehama alikuwa mezani hesabu ikipigwa? Simu ninayoandikia haya nimeichaji na stima hiyo hiyo, kwa hivyo nami nadaiwa. Na deni halifi eti kwa sababu wadai wamezeeka. Wajukuu wao wanavua samaki juu ya shamba la babu, na jioni wengine bado wanawasha koroboi.