Msimzoee Mgonjwa wa Jumatatu

Wanangu, mmepangiwa kituo cha kusafisha damu, na nimesikia baadhi yenu mnanung'unika. Mlitamani wodi ya wazazi au chumba cha upasuaji, mahali ambapo mgonjwa huingia na shida yake, akatibiwa, akaaga. Chumba cha figo hakina kuaga huko. Mgonjwa wenu atarudi Jumatatu na Alhamisi, masika na kiangazi, Ramadhani na Krismasi, mpaka mtajua majina ya wajukuu zake na yeye atajua nani kati yenu ana mkono mwepesi wa sindano.

Mimi niliifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na nawausia kwa upendo wote nilio nao: jilindeni na mazoea. Vituo vyetu vina upungufu wa mashine, dawa na watu, na hayo wakubwa wana wajibu nayo. Lakini kuna madhara yanayoingia hata penye mashine mpya, nayo huingia siku muuguzi anapoacha kumtazama mgonjwa kwa sababu anamjua.

Anzeni na mizani. Mama amefika asubuhi, amechoka na safari ya daladala. Muuguzi anamuuliza, "Uzito vilevile, mama?" Anajibu, "Vilevile, mwanangu," kwa kuwa hataki kusumbua. Muuguzi anaandika kilo za wiki iliyopita na kuiseti mashine. Kumbe mama huyo wiki mbili hakula vizuri. Nyama imemwisha mwilini, maji yamechukua nafasi yake, na nguo zinamkaa kama zamani. Mkimtoa maji kwa hesabu ya zamani, mengine yatabaki na kupanda mapafuni, naye usiku atashindwa kulala chali. Mwenzake aliyenenepa kidogo, mkimvuta mpaka kilo zile za mwaka jana, presha itaanguka na misuli ya miguu itamkaza mpaka apige kelele. Kwa hiyo mpandisheni mizani kila anapokuja. Mvueni viatu, bonyezeni kifundo cha mguu mwone kama kidole kinaacha shimo, muulizeni amelalaje na amekula nini. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Nendeni pia nyuma, kwenye chumba cha maji, ambako wageni wa heshima hawapelekwi kupiga picha. Mashine hupitisha kama nusu lita ya maji kila dakika, kwa hiyo kwa saa nne mgonjwa mmoja hutumia lita 120 hivi. Maji tunayokunywa hupita tumboni na kwenye ini kwanza. Haya yanatenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu ndani ya chujio. Klorini inayotulinda na kipindupindu kwenye maji ya bomba, ikifika kwenye damu, hupasua chembe nyekundu. Ndiyo maana maji hupitishwa kwenye matangi ya kaboni, na ndiyo maana hupimwa klorini kabla ya zamu kuanza. Chukua sampuli, weka kipimo, subiri rangi ijitokeze, isome kwenye mwanga, andika ulichokiona. Ikionyesha klorini, hakuna mgonjwa wa kuunganishwa, hata foleni ifike getini.

Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kulikuwa na ukame na kituo kimoja cha dialisisi kikawa kinaletewa maji kwa magari kutoka kwenye bwawa. Maji hayo hayakuwa yamesafishwa ipasavyo, na ndani yake mlikuwa na sumu inayotokana na vijidudu vinavyoota kwenye maji yaliyotuama. Wagonjwa walianza kutapika na kuona ukungu machoni, kisha maini yao yakaharibika. Zaidi ya watu 50 walikufa. Sisi tunaoletewa maji na maboza kila bomba linapokauka tuna haki gani ya kusema hayo ni ya Brazil? Boza likiingia, ulizeni limechota wapi, na msiwe wepesi wa kuridhika na jibu.

Sasa mikono. Mgonjwa mwenye njia ya damu aliyotengenezewa mkononi, wekeni vidole juu yake kabla ya sindano. Mtahisi mtetemo kama wa paka anayekoroma. Mtetemo ukikosekana, sindano isubiri na daktari aitwe saa ileile, maana njia ikiziba ikachelewa kuzibuliwa, mtu huyo huenda akaipoteza. Mfundisheni naye auguse kila asubuhi nyumbani, na awakatalie wote wanaotaka kupima presha au kutoa damu kwenye mkono huo, hata kama ni daktari. Mwenye mpira wa shingoni au kifuani mhurumieni zaidi, kwa sababu mpira ule unafika karibu na moyo. Unapoufungua, wewe na yeye vaeni barakoa, mikono iwe imenawiwa, mdomo wa mpira usuguliwe kwa dawa na uachwe ukauke. Mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi nusu saa baada ya kuunganishwa, msimfunike blanketi tu mkaendelea na mazungumzo. Fikirieni maambukizi mara moja.

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi juu ya meza au kwenye kitufe cha mashine kwa siku saba au zaidi. Tone lenyewe huenda hamlioni. Kwa hiyo kiti, mashine na meza hufutwa kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, glavu hubadilishwa, na sinia la dawa halizungushwi kitanda hadi kitanda. Mwenye virusi hivyo awe na mashine yake na chumba chake, bila kunyanyapaliwa. Na ninyi wenyewe chanjweni kabla hamjaanza kazi.

Naja kwenye jambo linalonikera kuliko yote: kupika vipimo. Karatasi inataka presha ya kila nusu saa, na muuguzi anakaa saa ya mwisho akajaza zote kwa kukisia. Maandishi ni mazuri, namba zimepangika, na mgonjwa alikuwa anaelea kuelekea kuzimia. Mwanangu, kama hukupima, acha wazi. Nafasi tupu itamfanya mwenzako aulize, lakini namba ya uongo itamlaza usingizi.

Tena msiibe muda. Zamu ya jioni inangoja, gari la wafanyakazi linapiga honi, na mgonjwa mwenyewe anaomba, "Nitoe mapema leo." Pigeni hesabu. Anayesafishwa mara mbili kwa wiki, akikatiwa nusu saa kila safari, kwa mwaka amepoteza saa 52, yaani mizunguko 13 ya saa nne. Na huku kwetu wengi wanapata mara mbili badala ya mara tatu zinazotakiwa, kwa sababu ya gharama na uhaba wa nafasi. Mtu ambaye tayari anapata pungufu asipunguziwe tena na sisi. Akiomba kutoka, mwelezeni anachokipoteza, kisha tafuteni kinachomtesa: huenda ni maumivu ya mguu, huenda ni basi la mwisho la kwenda kijijini.

Katika chakula acheni ukali. Kumkataza mtu wa pwani madafu, ndizi na parachichi bila kumwambia sababu ni kumfundisha kula kwa siri. Mwambieni kwamba vyakula hivyo vina potasiamu nyingi, kwamba figo zake haziwezi kuitoa, na kwamba ikizidi moyo husimama bila kutoa onyo. Kisha mpeni njia: mboga na viazi avikatekate, avichemshe kwa maji mengi, ayamwage yale maji ndipo aunge.

Nanyi vijana mnaowaleta wazazi wenu, msikae nje na simu. Ulizeni uzito wa leo ni kilo ngapi, ametolewa maji kiasi gani, damu yake imepimwa lini na majibu yanasemaje. Swali la adabu haliwezi kumkosea heshima muuguzi mwema. Ulizeni pia kuhusu kupandikizwa figo. Muhimbili walianza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, kwa hiyo si habari ya India pekee tena. Na nyie wenyewe pimeni presha na sukari, muache kumeza diklofenaki kama karanga, kwa maana viti vile vinajazwa zaidi na magonjwa hayo mawili, na dawa za maumivu zinasaidia kuvijaza.

Wakaguzi watakuja na fomu zao, nazo zina kazi yake. Kipimo changu mimi ni kimoja, nami nawaachia. Kituo chenye huduma bora ni kile ambacho ungemleta mama yako siku yoyote, zamu yoyote, bila kumpigia simu mtu unayemfahamu ndani ili amwangalie vizuri. Kifanyeni cha kwenu kiwe hivyo.