Spika Mbili, Sauti Moja



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda hamkutarajia kukikuta katika ukurasa wa ndoa. Kitu hicho ni spika. Sisemi juu ya redio ndogo ya jikoni. Nasema juu ya spika kubwa za kuundiwa, zile ambazo mtu huchagua vipuri vyake mwenyewe, akamwendea seremala amkatie mbao, akampelekea fundi wa redio aunganishe nyaya, na mwishowe zikasimama sebuleni kama walinzi wawili. Waume wengi wamevutwa na jambo hili, na wake pia wapo.

Je, ni kosa? Hapana. Muziki mzuri ni zawadi ya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliuhesabu muziki wa Kanisa kuwa hazina kubwa, na ukataka nyimbo za asili za mataifa ziheshimiwe. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1958, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa ameshatayarisha Missa Luba pamoja na waimbaji wake huko Kamina, Kongo. Mtu akitamani kuisikia misa ile nyumbani kwake kana kwamba kwaya imesimama mbele yake, tamaa hiyo si mbaya.

Lakini nyumba nyingine zimeingiwa na baridi kwa sababu ya spika. Kosa halikuwa la muziki. Kosa lilikuwa katika njia ambayo spika hizo ziliingilia nyumbani.

KAENI CHINI, MHESABU

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mume anachukua mkopo wa SACCO, na mkewe hajui. Analipa kidogo kidogo kwa seremala na kwa fundi. Siku moja pikapu inasimama mlangoni, na vijana wawili wanashusha makasha mazito. Mke anauliza, na anajibiwa kwamba ni za rafiki, zimekuja kuhifadhiwa tu. Baada ya wiki tatu anaona ujumbe wa malipo katika simu. Wakati huo karo ya muhula haijakamilika.

Sikilizeni vizuri anachosema mama huyu. Hasemi, "Sipendi muziki." Anasema, "Baba watoto, kwani mimi ni mgeni katika nyumba hii?" Kidonda ni hicho. Pesa inaweza kutafutwa tena, lakini neno la mume likishatiliwa shaka, hata akisema kweli kesho mke ataipima mara mbili.

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na watu. Wewe uliye na ndoa huketi peke yako kuhesabu. Mnaketi wawili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni: bei ya mbao, vipuri, kazi ya fundi, amplifaya, nyaya, na hata usafiri. Kisha andikeni kando yake karo, kodi, dawa na mchango wa wazazi. Mkiziona hesabu hizo mbili katika karatasi moja, mtajua kama wakati umefika au bado.

Na wewe mama, nina neno kwako pia. Mumeo akija wazi na karatasi yake mkononi, usimcheke. Usiseme, "Hayo ni mambo ya watoto." Mume anayedharauliwa akisema ukweli hujifunza kuficha. Muulize, "Kwa nini jambo hili unalipenda hivi?" Huenda ukasikia habari za baba yake na santuri zake, ambazo hujapata kuambiwa tangu siku ya arusi.

JENGENI POLEPOLE

Uzuri wa spika za kuundiwa ni kwamba hazihitaji kukamilika siku moja. Jueni basi fedha yenu inakwenda wapi.

Ndani ya kila kasha kuna kazi mbili kubwa. Wufa, ile kubwa, hutoa sauti nzito za besi. Twita, ile ndogo, hutoa sauti nyembamba kama za kayamba na herufi "s" za mwimbaji. Kati yao kuna krosova, ambayo huzigawa sauti ili kila mmoja apate fungu lake. Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka huharibu. Hununua wufa ya bei kubwa na kuiunga na krosova duni, na matokeo yake ni kelele tu. Katika maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa redio na spika, mtapata vipuri vya kila namna. Msinunue kwa kutazama ukubwa. Kasha hupimwa kulingana na wufa itakayoingia ndani, kwa hiyo chagueni wufa kwanza, ndipo mwende kwa seremala.

Kasha lenyewe lisiimbe. Watu wengi hudhani mbao nzuri ni ile inayolia kama ngoma, kumbe ni kinyume. Ligongeni kwa kifundo cha kidole. Likitoa mlio mrefu, mbao ni nyembamba au haina mihimili ndani, na kila wimbo utachafuliwa na mlio huo. Likitoa kishindo kifupi kilichokufa, ni zuri. Ndiyo maana wengi hutumia ubao wa MDF wa milimita 18 au 25, ulio mzito na usiotetemeka upesi, kisha hufunika kwa mvule au mbao nyingine ya kupendeza.

Tazameni pia ukingo laini unaoizunguka wufa. Ule wa mpira hudumu muda mrefu. Ule wa sponji huoza baada ya miaka kadhaa na kuanza kumomonyoka, ingawa fundi stadi anaweza kuubadilisha. Kwa hiyo msitupe spika kuukuu za babu kabla ya kuuliza.

Kama mna watoto wadogo, makasha marefu yawe na kitako kipana, au yafungwe ukutani yasiangukie mtu. Na twita ifunikwe, kwa maana kidole cha mtoto wa miaka miwili hakina huruma.

SAUTI INAYOTOKEA KATIKATI

Mwaka 1931 mhandisi mmoja Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya njia ya kurekodi sauti kwa mikondo miwili. Ndiyo tunayoiita stirio. Inasimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia katika sinema. Alikuwa na Doreen, ambaye baadaye, mwaka 1933, alifunga naye ndoa. Aliona mwigizaji amesimama upande mmoja wa pazia, lakini sauti yake inatoka kwenye spika iliyo upande mwingine. Akasema anajua namna ya kuifanya sauti imfuate mtu.

Ajabu ya stirio ni hii. Spika mbili zikipangwa vizuri, mtamsikia mwimbaji amesimama katikati, mahali ambapo hapana spika yoyote. Ifungeni ya kulia, mwimbaji anahamia kushoto. Ifungeni ya kushoto, anahamia kulia. Ile sauti ya katikati haimo katika kasha hili wala lile. Huzaliwa pale zote mbili zinaposema pamoja.

Lakini yako makosa ya waya. Kila spika ina mahali pa waya nyekundu na pa nyeusi. Spika moja ikifungwa kinyume, moja itasukuma hewa wakati ile nyingine inaivuta. Besi hupungua, na mwimbaji wa katikati hupotea, sauti ikatawanyika huku na huku. Hakuna spika iliyoharibika. Zote mbili ni nzima, ila zinapingana. Nimeona ndoa nyingi za namna hiyo: mume mwema, mke mwema, mmoja anasukuma na mwingine anavuta, na watoto hawajui sauti ya nyumba inatoka wapi. Dawa ya spika ni kugeuza waya mbili. Katika ndoa huanza kwa swali hili: "Tunataka nini sisi wawili?"

KUZIPANGA NI KAZI YA WAWILI

Sebule ni ya jamaa yote, basi msimame wote wawili na kupima.

Pimeni nafasi kati ya spika na spika, kisha pimeni kutoka kila spika mpaka kochi. Vipimo hivyo vitatu vikiwa sawa, tuseme mita mbili na nusu kila upande, mmeanza vizuri. Twita iwe karibu na kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Msizisukumie spika pembeni kabisa mwa chumba, kwa maana kona huvimbisha besi mpaka maneno ya wimbo yasisikike. Zivuteni mbele kidogo kidogo huku mmoja wenu akisikiliza, mpaka besi itulie.

Kuta za mawe na sakafu ya simenti hurudisha sauti. Zulia sakafuni, mapazia mazito na rafu ya vitabu vitasaidia kuliko amplifaya mpya. Njia ya kujua penye tatizo ni rahisi, lakini mtu mmoja haiwezi vizuri. Mmoja aketi kwenye kochi. Mwingine apitishe kioo cha kujitazamia polepole ukutani, upande wa kulia na wa kushoto. Pale aliyeketi anapoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga na kumrudia. Tundikeni hapo zulia la ukutani au sogezeni rafu.

Sasa kuna neno gumu. Mahali pa kusikia vizuri kabisa ni pamoja tu, pale katikati ya kochi. Nani atapakalia? Katika nyumba nyingi ni baba, kila siku, taa zimezimwa, na mama yuko jikoni na vyombo. Spika zikimtenga mke na mumewe, zimewekwa vibaya hata kama vipimo ni sawa. Pokezaneni kiti hicho. Tena iko njia ya kuwapa wote wawili fungu jema: zielekezeni spika ndani zaidi, hata mistari yake ikutane mbele kidogo ya kochi. Hapo anayeketi upande wa kulia hutazamwa zaidi na spika ya kushoto iliyo mbali naye, na wa kushoto vivyo hivyo, na hakuna anayemezwa na ile iliyo karibu. Na vyombo vioshwe na wote wawili kabla ya wimbo wa kwanza.

SAUTI NDOGO

Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Spika nzuri hujulikana inapopigwa polepole, maana hata hapo maneno husikika yote. Jueni pia kwamba ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, amplifaya huhitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo anayeshindana kwa ukubwa wa sauti hushindana na mfuko wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zikiongezeka, muda huo ukatwe nusu. Sikio likishaharibiwa na kelele halirudi kuwa kama lilivyokuwa. Tena besi hupenya ukuta, na jirani ana mtoto mchanga au mgonjwa. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2009 zinakataza kelele za kuwasumbua watu, lakini Mkristo asingoje mpaka aonyeshwe sheria.

Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19, hakumkuta Mungu katika upepo wala tetemeko wala moto. Alimtambua katika sauti ndogo ya utulivu. Mume anayeweza kutambua kwamba twita ya kushoto imefifia kidogo, je, hatambui kwamba sauti ya mkewe imebadilika tangu Jumanne? Mke anayesikia kosa dogo la mwimbaji wa kwaya, je, hasikii uchovu wa mumewe anaposema, "Hakuna neno"? Hayati Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwahimiza wanandoa wajipe muda wa kusikilizana mpaka mwenzi amalize yote aliyo nayo. Alieleza kwamba mara nyingi mwenzi hatafuti ushauri, anatafuta kusikilizwa tu. Masikio mliyoyafundisha kwa muziki yatumieni hapo.

MJADILI NYUMBANI

1. Je, kuna kitu katika nyumba yetu ambacho mmoja wetu alikinunua kwa siri? Tunaweza kukitaja leo bila kugombana?

2. Mwenzangu anapenda nini ambacho mimi huwa nakidharau? Nimewahi kumwuliza sababu?

3. Katika sebule yetu, nani huketi mahali pazuri kila siku?

4. Wiki hii chagueni wimbo mmoja kila mmoja. Usikilizeni wote wawili, simu zikiwa mbali na watoto wakiwapo kama wanapenda. Kisha zimeni amplifaya, mzungumze kwa robo saa, mmoja akisema na mwingine akisikiliza tu. Halafu mbadilishane.

Mungu azibariki nyumba zenu.