Jina Lililoitwa kwa Kipaza Sauti

Mwaka huo nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Tanzania. Kwa kuwa nina sauti kubwa na mwandiko unaosomeka, wanakijiji walinichagua niwe katibu wa kamati ya mpango wa kusaidia kaya maskini. Kazi ilikuwa kutunza orodha, kusoma majina mkutanoni, na kuweka alama ya vema mbele ya jina la aliyeitika. Haya ninayoyasimulia niliyatenda mimi. Hakuna aliyenituma, wala hakuna aliyekula fedha ya mtu.

Uhakiki ukatangazwa. Kulikuwa na malalamiko ya kaya hewa, yaani majina yanayolipwa ilhali wenyewe hawapo, kwa hiyo kila mlengwa alitakiwa aje na kadi yake, aitwe, aitike. Atakayeitwa mara tatu asiitike, anafutwa. Mgambo alizunguka na kipaza sauti asubuhi mbili mfululizo, na tangazo likabandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji. Jumatano watu wakajaa chini ya mwembe, nami nikapanda juu ya benchi nikaanza kuita.

Karibu na mwisho wa orodha lilikuwamo jina la mama mmoja msuka ukili, mjane, kiziwi tangu utotoni. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mikorosho, mwendo wa robo saa. Nilimwita mara tatu, na kila mara nikazidi kupandisha sauti, kana kwamba kilichomzuia kusikia ni umbali. Mtu mmoja akasema, "Mwalimu, yule bubu hasikii," kwa neno ambalo wakati ule halikunichoma kama linavyonichoma sasa. Mwenyekiti akajibu, "Utaratibu ni mmoja kwa wote. Endelea, Mwalimu." Nikaendelea. Kwenye safu ya maelezo nikaandika: hakufika.

Neno hilo nimekaa nalo miaka mingi. "Hakufika" linaweka kosa miguuni pake. Sikuandika "hakuarifiwa", kwa maana aliyepokea karatasi ile wilayani angeuliza ni nani alitakiwa kumwarifu, na jibu lingekuwa jina langu. Kitenzi kimoja kilimfuta mama wa watu. Kingine kingenirudisha mimi kazini.

Na njia ya kumwarifu ilikuwa mikononi mwangu. Aliishi na mjukuu wake, binti wa miaka tisa, na wawili hao walikuwa na ishara zao za nyumbani ambazo kijiji kizima kiliwahi kuziona lakini hakuna aliyejifunza. Mgambo alipopita, binti alikuwa shuleni. Majirani walidhani mjukuu atasikia mahali, atamwambia bibi yake. Binti huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Asubuhi ileile ya uhakiki nilisahihisha daftari lake la hesabu, kisha nikafunga darasa nikaenda mwembeni. "Mwambie bibi aje na kadi." Ningetamka hivyo tu. Wazo hilo halikunijia, kwa kuwa moyoni nilikwisha kuridhika kwamba tangazo limetolewa. Sisi Waswahili habari tumeiweka sikioni tangu zamani: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na asiyeitikia mbiu tunamwona mkaidi au mvivu.

Siku ya malipo alikuja. Alifika mapema, amevaa kanga safi, kadi ameiviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Alipofika mezani nikamtikisia kichwa na kumpungia mkono arudi. Akadhani amekosea siku. Akahesabu kwa vidole, akanionyesha, nikatikisa kichwa tena. Baada ya miezi miwili akarudi, akapanga foleni kama kawaida, mambo yakawa yaleyale. Mara ya tatu hakuondoka. Alikaa pembeni hadi meza ikakunjwa, akitutazama midomo. Haki ya kukata rufaa ilikuwapo. Muda wake ulikuwa wiki mbili, na ilitangazwa palepale mwembeni, kwa kipaza sauti kilekile.

Ilipofika zamu ya nne, dawati la mjukuu wake lilikuwa tupu. Alipelekwa mjini kufanya kazi za ndani.

Aliyenisimamisha ni fundi baiskeli wa kijiji cha jirani, kiziwi pia, aliyesoma Shule ya Viziwi Buguruni, Dar es Salaam. Alikuja shuleni pamoja na yule mama, akachomoa kalamu mfukoni mwangu, akaandika kwenye daftari langu la maandalio ya somo: "Mlimwitaje?" Nikaandika chini yake: "Kwa jina lake, mara tatu." Akasoma. Hakuandika tena. Aliipigia mstari ile "-je" aliyoiandika mwenyewe, akanirudishia kalamu.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa imekwisha kuridhia, mwaka 2009, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mimi, mtu wa vitabu, sikuwa nimesoma ukurasa wowote. Ibara ya 28 ya mkataba inataja waziwazi mipango ya hifadhi ya jamii na ya kupunguza umaskini, kwamba mtu mwenye ulemavu aifikie sawa na wengine. Ibara ya 2 ndiyo iliyonikamata. Inasema kwamba kukataa kumfanyia mtu marekebisho anayoyahitaji, ilhali hayamlemei mtoa huduma kupita kiasi, huo wenyewe ni ubaguzi. Haidai chuki wala nia mbaya. "Utaratibu ni mmoja kwa wote" haukuwa utetezi, ulikuwa maelezo ya kosa lenyewe. Na marekebisho niliyotakiwa kufanya mimi yalikuwa kutembea robo saa.

Baadaye nilisoma habari za Marekani. Kifungu cha 504 cha sheria yao ya mwaka 1973 kiliukataza mpango wowote unaopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Kilikuwa sentensi moja, na kwa karibu miaka minne kilikaa bila kanuni za kukitekeleza. Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu, Judith Heumann akiwa mmoja wa viongozi wao, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakakaa humo zaidi ya wiki tatu, hadi Waziri Joseph Califano alipotia saini kanuni hizo tarehe 28 Aprili. Wenye mamlaka walipokata simu, viziwi walisimama madirishani wakapeleka habari kwa alama hadi kwa wenzao waliokuwa nje. Wenye kusikia ndio waliobaki kuwategemea. Nikiyafikiria madirisha yale namwona mama yule pembeni mwa meza ya malipo. Lugha alikuwa nayo. Sisi ndio tuliokuwa hatuna ya kusemea naye.

Tangu siku fundi yule aliponiuliza, naliona kosa langu likiwa limevaa nguo nyingine. Kipofu analipwa kwa simu, inambidi amtajie mtu baki namba yake ya siri ndipo apate fedha yake. Mtu ambaye ukoma ulimla vidole anaambiwa aweke kidole kwenye mashine. Mwenye kiti cha magurudumu anaitwa kwenye ofisi yenye ngazi. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, na bado tunapanga siku ya malipo kana kwamba hao watajitokeza wawili watatu, tena kwa bahati mbaya.

Fomu ya kumrudisha mama yule kwenye orodha ilitaka maelezo ya katibu. Niliandika: "Hakuarifiwa," nikatia saini. Mwenyekiti aliniuliza kama nina hakika ninataka kuandika hivyo. Tulikubaliana pia orodha iongezwe safu moja, inayoeleza kila mlengwa anafikiwaje, na fundi baiskeli akaingizwa kwenye kamati. Mbele ya jina la mama nikaandika: aendewe nyumbani.

Zamu iliyofuata alilipwa. Fedha ya miezi minane iliyopita haikulipwa, kwa kuwa mpango haulipi nyuma. Mjukuu hakurudi. Januari ilipofika, wanafunzi wapya walikuwa wengi na madawati machache, nikamkalisha mtoto mwingine mahali pake.