Beit al-Ajaib na Swali la Uasili

Husemwa mara kwa mara kwamba nyumba ya kale iliyokwisha kubadilishwa imepoteza heshima yake, na kwamba urithi ni kile tu kilichobaki kama kilivyoachwa na mikono ya kwanza. Rai hii ina mvuto, maana ni nyepesi kuishika. Lakini mtu akienda nayo Forodhani, Unguja, akasimama nayo mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, ataona haimfikishi mbali.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888. Lilikuwa jumba la sherehe na fahari. Barghash alikuwa amepata kuishi Bombay uhamishoni, akayaona majengo ya huko, na aliposhika utawala alitaka jengo lisilo na mfano katika pwani hii. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe aghalabu zina vyumba vyembamba, kwa sababu upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, nayo boriti haivuki sana mita tatu. Hapa palitumika mihimili ya chuma na zege, vyumba vikapanuka, na jengo likazungushiwa roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma. Milango ilichongwa nakshi na maandishi ya Kiarabu. Baadaye likatiwa umeme na lifti, na jina la maajabu likazidi kulikaa.

Basi hata huo uasili tunaoutafuta ulikuwa mchanganyiko tangu mwanzo: matumbawe na chokaa vya pwani, chuma cha ng'ambo, na jasho la wengi. Wala tusisahau kwamba utajiri wa utawala ule ulitokana na karafuu na pembe za ndovu, na nyuma ya karafuu walikuwapo watumwa.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye manowari zao zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, iliyokuwa jirani, iliharibika hata ikaondolewa; mnara wa taa uliosimama mbele haukusalimika; Beit al-Ajaib ikanusurika. Katika matengenezo ya mwaka 1897 ndipo mnara mpya wa saa ulipounganishwa na uso wa jumba. Mwaka huo huo sheria ilifuta hali ya utumwa Zanzibar. Tangu 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya Waingereza, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 likaingia mikononi mwa serikali mpya, likaja kuwa makumbusho.

Ajabu ni hii: sura ambayo kila mtu anaijua, iliyochapwa katika vitabu na kadi za posta, ni ile yenye mnara. Barghash hakupata kuiona. Alikwisha kufa miaka tisa kabla yake.

Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha. Ndipo swali la wanafalsafa likawa swali la waashi: anayejenga upya arudishe jumba lipi?

Wako watakaosema mnara ni alama ya kutawaliwa, na maadam umeanguka wenyewe, uachwe. Tulirudie jumba la Barghash. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Lau tutaondoa kila kilicholetwa na nguvu ya mwenye nguvu, la Barghash nalo litatakiwa kujieleza mbele ya wale waliolima karafuu. Sisi tuliokaa miaka mingi na majalada ya serikali twajua namna ya kusahihisha waraka: neno la kwanza hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, la pili likaandikwa juu yake, na aliyesahihisha akatia saini. Anayefuta kabisa hushukiwa. Mnara ule ni neno la pili. Ukiuondoa, mizinga ya 1896 itakuwa haikupata kulia, na kijana wa kidato cha tatu ataonyeshwa fahari tupu isiyo na kovu.

Hata hivyo si kila badiliko ni historia. Mji Mkongwe umezoea kubadilika: ghorofa huongezwa, chumba hukatwa viwili, duka hufunguliwa penye sebule. Hayo ni maisha ya nyumba. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na jiwe huoza polepole nyuma ya uso mzuri. Mwenye nyumba husifiwa kwa usafi, na wajukuu wake ndio watakaolipa. Badiliko la namna hiyo halimwambii mtu lolote juu ya waliotangulia, nalo huwanyima nyumba watakaokuja.

Kwa hiyo mnara na usimame tena, ila usijifanye mkongwe. Jiwe jipya lijulikane kuwa ni jipya kwa mtu anayelikaribia. Na chini yake iandikwe miaka mitatu, 1883, 1897 na 2020, na penye huu wa mwisho watajwe wale wawili kabla ya kutajwa mfadhili yeyote.