Mwizi wa Silaha na Mnunuzi Wake

Limezuka swali katika darsa yetu hapa Wabera, nalo lastahili kuzingatiwa na killa mwenye akili: je, aibaye bunduki katika duka la mfanya biashara mwenye leseni ni mwizi kama wezi wengine, au sheria yapasa kumzidishia adhabu? Katika Bunge la Marekani umeletwa zaidi ya mara moja mswada wa kukipandisha kifungo cha wizi huo kutoka miaka 10 hadi 20, na kumfunga mikono hakimu asishuke chini ya miaka 3 kwa avunjaye duka, wala 5 kwa anyang'anyaye kwa nguvu. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni kali vile vile: akutwaye na bunduki ya kivita kama AK-47 bila ya ruhusa aweza kufungwa maisha.

Sisi twaona kuwa ukali huo una haki ndani yake. Aibaye ng'ombe amemdhulumu mwenyewe; ng'ombe akirudishwa, dhulma imepungua. Lakini aibaye bunduki ameiba pia amani ya watu asiowajua, na risasi ikishatoka hairudishwi. Mtaa wetu wenyewe ni shahidi. Umeitwa kwa jina la Daud Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo, aliyepigwa risasi karibu na Modogashe tarehe 28 Juni 1963, pamoja na chifu wa Waborana, Haji Galma Dida. Killa tuulizwapo tunakaa wapi, twamtaja mtu aliyeuawa kwa bunduki.

Hata hivyo, nusu ya haki si haki. Wanazuoni wa fiqhi wameshurutisha mali iwe imehifadhiwa mahali pake ndipo mwizi astahiki hadi. Yaani sheria humtazama mwizi, na humtazama mwekaji pia. Na Mtume (s.a.w.) alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike penye ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Amri ile haikumwendea mwizi wala adui, bali ilimwendea mtu mwema apitaye kwa shughuli zake. Basi mwenye duka afungaye kwa uzembe, na askari wa akiba aliyepewa bunduki alinde mifugo naye akamwazima jamaa yake, wote wawili wameiacha ncha wazi.

Yuko na wa tatu, naye ni mzito kumtaja kwa kuwa ni sisi. Bunduki hailiwi, huibwa kwa sababu yuko mnunuzi. Wala mnunuzi si jambazi siku zote. Mara nyingi ni mzee aliyeporwa mifugo yake, asemaye: "Serikali iko mbali, na adui yangu ana silaha." Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani kulinda nafsi na mali ni haki. Lakini jirani yake naye asema maneno yayo hayo juu yake, na bunduki iliyonunuliwa leo kwa kujilinda, kesho ukame ukija kijana wa nyumbani huichukua kwenda kupora. Anunuaye asiulize ilikotoka amemlipa mwizi ujira wake.

Mnamo Novemba 2016 serikali iliteketeza bunduki 5,250 huko Ngong. Moto ule ulichoma chuma. Haukuichoma hofu iliyowafanya watu wazitafute. Na sheria ikiwa kali kwa mwizi peke yake, itamfunga kijana mchungaji aliyekutwa nayo, na dalali aliyeiuza ataendelea kunywa kahawa nasi barazani, tukimwamkia kwa heshima.

Kwa hivyo, rai yetu ni hii. Adhabu na iwe nzito, lakini hakimu aachiwe nafasi ya kupima. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliisimamisha hadi ya wizi katika mwaka wa njaa. Mwenye kukabidhiwa silaha naye aulizwe. Serikali ikusanyapo bunduki, iwalinde Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru kwa usawa, ili anayesalimisha yake asiachwe mawindo ya asiyesalimisha. Na sisi, kabla ya kumlaani mwizi, tujiulize: bunduki ile iliyofichwa kwa ndugu yetu, ambayo sote twaijua, ilitoka wapi?

Wabillahi tawfiki.