Kutenda na Kutaja: Ni Nani Ajuaye?

Swali tunaloliweka mbele yenu ni hili: mtu akitenda jambo ambalo jina lake halijazaliwa, je, twaweza kusema kwamba alilijua?

Mwaka 1975 mtaalamu wa hisabati, Benoit Mandelbrot, alilitunga neno "fraktali" kueleza maumbo ambayo sehemu yake ndogo hufanana na umbo zima, kama kitawi kinavyofanana na mti. Tangu hapo wapo wanaoyaona maumbo hayo katika muziki wa kale wa Ulaya. Josquin des Prez, katika misa iliyopigwa chapa mjini Venice mwaka 1502, aliandika mstari mmoja wa noti uimbwe na sauti tatu kwa pamoja: moja polepole, ya pili kwa kasi maradufu, ya tatu kwa kasi mara tatu. Naye Johann Sebastian Bach, katika kitabu cha Die Kunst der Fuge kilichotoka mwaka 1751 baada ya kufariki kwake, ana fungu ambamo lahani moja husikika katika mwendo wa kawaida, uliorefushwa na uliofupishwa.

Wako wasemao kwamba watunzi hawa waliijua fraktali. Huko ni kuwavika fikra zisizo zao. Aidha, fraktali ya hisabati hujirudia bila kikomo, ilhali muziki huishia ngazi chache tu. Wengine husema ilitukia kwa bahati. Huko ni kuwanyima haki yao, maana Josquin mwenyewe ndiye aliyeweka alama tatu za mwendo mwanzoni mwa mstari ule.

Sisi twaona kwamba ujuzi ni wa namna mbili: kutenda na kutaja. Mtoto wa pwani husema "kiti kimevunjika, viti vimevunjika" kabla hajalisikia neno ngeli. Mwanafunzi wetu wa bara aweza kulikariri jedwali zima la ngeli, kisha akasema "kiti imevunjika."

Je, twamtendea haki asemaye sawasawa tunapompa sifuri kwa sababu hakuweza kuitaja ngeli? Istilahi ina faida kubwa: humwezesha mtu kumfundisha mwenziwe na kujisahihisha. Lakini huja baada ya kazi, wala haiizai. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Jina ni pete. Tusiisahihishe pete tukakisahau chanda.